Jioni za Zavelenberg

Berchem-Sainte-Agathe, Bruxelles
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Riziki,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Uko namna gani, dada yangu? Goti lako limepata nafuu? Na watoto, wote wazima? Sisi tunapumua. Wifi yako Mwadi anaendelea na kazi yake ya kutunza wazee, na binti yetu Océane amehamia Namur kwa ajili ya masomo, kwa hiyo nyumba imekuwa kimya.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako huwa unaipokea katikati ya watu, na haya sikutaka uyasikie ukiwa umezungukwa. Anakuletea Yolande, tunayesali naye, anayekuja Likasi kuwaona wazazi wake. Isome ukiwa umeketi.

Yaya, siendeshi tena bisi. Mwezi wa nane, katika upimaji wa afya wa kazini, walinituma kwa daktari wa macho, naye akasema nina glaucoma. Ni presha ndani ya jicho, inakula mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu. Mbele bado naona. Pembeni, kulia na kushoto, hakuna kitu. Kilichopotea hakirudi, kuna matone tu ya kuchelewesha kilichobaki. Siku hiyohiyo nilitolewa kwenye usukani, baada ya miaka kumi na tisa.

Sikumwambia Mwadi. Bon, nikuambie ukweli wote: kila siku saa kumi ya alasiri nilivaa uniforme, nikachukua chakula alichonifungia kwa mikono yake, nikaaga kama mtu anayekwenda kushika zamu ya jioni. Nilifanya hivyo majuma tisa.

Sikuwa na pa kwenda. Kwenye stesheni ya Gare du Midi ningekutana na madereva wenzangu. Matonge, mtaa wetu Wakongo, kila mtu ananijua. Basi nikapanda Zavelenberg, kilima cha majani kilichobaki katikati ya majumba ya huku kwetu, ambako ng'ombe bado wanalishwa. Nilikuwa nimepita chini yake mara maelfu nikitazama taa za barabarani.

Siku za kwanza nilitembea nikilia, sifichi. Kisha nikaanza kusikia. Ng'ombe aking'oa majani jirani na wewe ana sauti kama kitambaa kinachochanwa. Jua likizama, popo wanatoka, na kwa kuwa sioni pembeni, kila mmoja ananitokea ghafla mbele ya uso kana kwamba amerushwa. Nilicheka peke yangu, mtu mzima, na uniforme yangu. Nilikuwa mwongo, Yaya, tena mwongo mwenye hofu, lakini ile saa moja kabla ya giza nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu tufike Ulaya. Halafu nilikuwa narudi nyumbani na kuulizwa kama abiria walikuwa wengi.

Mathieu, tuliyeendesha naye laini moja, aliniona kule juu mara mbili akipita na bisi yake. Akampigia Mwadi, akamwambia ameniona kilimani, akauliza kama macho yangu yanaendelea vizuri. Hakujua anafanya nini.

Jioni ile nilisikia hatua nyuma yangu, lakini sikujua ni Mwadi mpaka aliposimama mbele yangu na koti lake la kazini.

"Nday, bisi yako iko wapi?"

Nikainamia mfuko wangu wa chakula.

"Nakuuliza. Kila siku nakufungia chakula. Unakulaka na nani?"

"Peke yangu. Macho yangu inakufa, Mwadi."

"Na mimi nilikuwa muntu gani kwako, donc?" akasema, akageuka, akashuka kwa hasira. Giza lilikuwa limeingia na njia sikuiona tena. Nilisimama palepale, mikono mbele kama mtoto. Akarudi. Akanishika mkono, tukashuka hivyo mpaka nyumbani.

Siku tatu hakusema nami. Ya nne alivaa viatu vyake akasema twende. Sasa tunatembea wote kila akitoka kazini, hata mvua ikinyesha, na huku mvua hainyimi mtu. Hajanisamehe yote. Lakini ananisomea yale nisiyoyaona: "Kushoto, korongo amesimama majini." Nageuza kichwa, namwona. Sijui ni mara ngapi bado nitamwona.

Juma lililopita tulikwenda pamoja kwa daktari. Akauliza kama nyumbani kwetu yupo aliyepofuka. Nikamweleza juu ya Baba: alivyoanza kujikwaa kwenye masufuria, alivyopita watu barabarani bila kuwasalimu, hadi akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Daktari akasema ugonjwa huu unatembea katika damu, na huenda Baba alikuwa nao.

Yaya, wewe na mimi tulikuwepo siku Tonton Kabeya, mdogo wa Baba, alipofukuzwa kwenye matanga yake. Tulisema ni yeye aliyemfunga kaka yake macho kwa uchawi, kwa sababu ya wivu. Mimi ndiye niliyetupa kiti chake nje. Miaka ishirini na miwili sasa, na hakuna aliyekwenda kumsalimu.

Nenda upimwe macho, nakuomba, hata kama unaona vizuri. Mimi pia nilikuwa naona vizuri. Wapeleke na watoto.

Nisalimie Shemeji Hervé na Maman Graciella wa jirani. Halafu, goti likikuruhusu, fika kwa Tonton Kabeya. Usimtume mtu. Mwambie Nday amepata ugonjwa wa Baba, na hakuna aliyemroga Baba. Akikufungia mlango, usikasirike. Sema hapo nje, kwa sauti, majirani wasikie.

Mungu akutunze na nyumba yako yote.

Mdogo wako anayekupenda,
Nday