Damu ya Ghazi Ilisema Ana Mimba

Sfax,
12 Machi

Mpendwa mdogo wangu Ridha,

Salamu tele. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko Lyon imelegea? Mkeo na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila mwanangu Ghazi.

Ule uvimbe wa shingoni, daktari wa kwanza alisema ni kifua kikuu cha tezi, eti tunakunywa maziwa mabichi. Ghazi akameza vidonge miezi mizima, uvimbe ukazidi. Wa pili akakata kipande cha uvimbe kipimwe, akasema ni saratani lakini haijulikani ilikotoka. Ridha, saratani isiyo na kwao! Nikajua wananificha jambo. Nilimshuku hata mama wa mchumba wake, na lile jicho lake la husuda.

Kisha daktari kijana, Wided, akaagiza damu ipimwe. Jibu nililifuata mwenyewe. Nikaona ni kile kipimo tunachopimwa wanawake, na kinasema mwanangu, ndevu tele, ana mimba! Niliwaka.

"Mmebadilisha damu! Mtafuteni mja mzito wenu, mnirudishie ya mwanangu!"

"Mama, damu ni yake," akasema mpimaji.

"Basi nimtafutie mkunga?"

Watu wote maabarani wakacheka.

Wided, waliyemwita, hakucheka. Alisema ipo saratani inayoanzia kwenye korodani, ikasambaa hadi shingoni, nayo humwaga katika damu kitu kile kile cha mimba. Akamwingiza Ghazi chumbani kwake, akatutoa nje, mimi na wifi Naziha. Unatujua, mgonjwa mmoja huingia na ukoo mzima. Nikatega sikio mlangoni. Kumbe wale madaktari wote hawakuwahi kumwambia avue suruali, kwa kuwa sisi tulikaa pale tukimjibia.

Kiuvimbe chenyewe cha huko chini ni kama punje ya dengu. Ghazi alikijua tangu Ramadhani.

"Ningesemaje, Mama, na Shangazi anamenya chungwa mbele yangu?"

Jumatatu anaanza dawa. Wided anasema wengi hupona hata ikisambaa. Mimi mtu akisema "wengi" namuuliza wale wachache ni wana wa nani. Naogopa, Ridha.

Na kwa kuwa dawa hizo huweza kumnyima mtu watoto, lipo jambo la uzazi wanalotaka Ghazi aliamue kabla ya kuanza. Nikiingia, wananyamaza. Wewe ndiye mjomba wake. Mpigie yeye, usinipigie mimi.

Wabusu watoto. Naziha anakusalimu sana. Mungu akuhifadhi huko uliko.

Na mkishazungumza, hata nikikulilia, usiniambie alichosema.

Dada yako akupendaye,
Mabrouka