Kidole Tulichomlaumia Twaha

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Katwe yote ni tope. Karakana sikufungua. Nimekaa nyumbani, mguu wa kulia juu ya stuli, naandika kwa sababu sijui mikono yangu niipe kazi gani nyingine.

Leo nimeambiwa nina saratani ya ngozi. Melanoma, hatua ya tatu.

Haya, nimeshaliandika.

Mimi ni fundi wa mageti. Nilizaliwa Uvira, lakini Kampala nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Jumapili hucheza mpira Mbuya na wanaume wa rika langu, wenye vitambi na magoti mabovu. Mwaka jana rafiki yangu Twaha, muuza vipuri, alinikanyaga kidole gumba tukigombea mpira. Baadaye nikaona mstari mweusi chini ya ukucha. Nikasema damu imevilia. Kila mtu akasema hivyohivyo.

Mstari ukapanuka, weusi ukatambaa hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Sisi tukakipa jina: kidole cha Twaha. Yeye maskini alikuwa ananiomba radhi kila tukikutana, mpaka akaninunulia viatu vipya vya mpira. Nikavipokea. Nilipenda kubembelezwa, nikiri tu.

Hakikuuma. Kingeuma ningekwenda mapema.

Ukucha ulipopasuka na kuanza kutoa majimaji, mke wangu Mapendo alinipeleka hospitali bila kuniuliza. Wakakata kinyama kidogo wakapime. Wakauliza kama nina uvimbe mahali, nikawaonyesha mtoki kwenye kinena, ambao nilidhani umeletwa na kidonda. Wakauchoma sindano, wakapima na huo. Wakanipiga picha za kifua na tumbo.

Leo ndiyo tulikwenda kusikia majibu.

Daktari ni mwanamama mpole, anaongea taratibu. Nilimwambia maradhi haya nilidhani ni ya Wazungu, ya jua. Akasema sisi weusi tunaugua mara chache, lakini tukiugua, mara nyingi huanzia kwenye nyayo, viganja, au chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari napo. Kwa hiyo tunachelewa kuuona.

Nikamuuliza hatua maana yake nini. Akasema wanaangalia uvimbe umezama kiasi gani kwenye ngozi, na kama ngozi ya juu imechubuka. Halafu wanaangalia kama umefika kwenye tezi za jirani, na kama umevuka kwenda mbali, kwenye mapafu au ini. Wangu umezama, umechubuka, umefika kwenye tezi za kinena. Mbali haujaonekana.

"Ungekuwa bado kwenye kidole peke yake, ningekuwa na maneno mepesi zaidi," alisema. "Lakini hatua si hukumu, ssebo. Inatuambia tuanzie wapi. Tutakata kidole, tutatoa na tezi. Kuna wanaopona hapo. Kuna ambao unawarudia. Wewe utakuwa upande gani, leo siwezi kukuambia, na atakayekuambia anajua, usimwamini."

Kisha akauliza weusi ulianza lini. Nikajibu haraka, kama nilivyozoea, kwamba nilikanyagwa uwanjani.

Mapendo akaniwekea mkono gotini. "Hapana, Baba Neema. Ulikuwepo kabla. Nilikukata kucha kabla ya Krismasi ya mwaka juzi, nikauona. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Nilidhani ni uchafu wa chuma."

Daktari akasema kukanyagwa hakukuleta ugonjwa huu. Kulitupatia tu kitu cha kusingizia.

Kabla ya Krismasi. Mwembamba kama uzi. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikiyarudia maneno hayo. Mapendo naye alikuwa analia kimya, akitazama pembeni ili nisimwone. Tulikuwa nao mkononi, sote wawili, wakati bado ni kitu cha kidole tu.

Jioni hii Twaha amekuja, amelowa. Alikuwa amesikia nimekwenda hospitali. Nikamweleza yote. Akakaa chini kwenye mkeka, akashika kichwa.

"Bambi, pole, ndugu yangu. Ni mimi. Mimi nilikukanyaga."

"Si wewe. Daktari amesema si wewe. Ulikuwepo kabla, Mapendo aliuona."

Hakuamini. Nilirudia mara kadhaa, na kila nikirudia niliona aibu zaidi. Mwaka mzima nimemwacha mtu abebe mzigo usio wake kwa sababu ya mzaha. Nimemwomba radhi. Akanitazama kama mtu aliyeombwa radhi kwa lugha asiyoijua.

"Ya tatu kati ya ngapi?" aliuliza baadaye.

"Nne."

Mapendo akatoka jikoni na sufuria mkononi. "Ya tatu si ya nne," akasema, akarudi.

Twaha akavua soksi zake zilizolowa. Akanyoosha miguu mbele ya taa, akamwita mke wangu. "Mama Neema, njoo. Niangalie na mimi."

Tumemwangalia, kidole kwa kidole, kisha nyayo, kisha viganja. Mapendo alipiga magoti, akawasha tochi ya simu. Mzee mzima wa miaka hamsini amebana pumzi kama mtoto anayechomwa sindano. Hakuna kitu. Ni sugu tu, na vumbi la dukani.

Nilifurahi kweli. Halafu, sitaficha, niliona wivu. Miguu ile mibaya, mizima yote.

Alhamisi naingia chumba cha upasuaji. Twaha amesema atanipeleka yeye. Nimekubali. Naogopa, na leo nimelisema hilo kwa sauti mbele ya watu wawili, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.