Unga Haupandi Lori la Samaki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sheria mpya leo. Njenga ametuita uani sisi madereva wake, akatangaza hakuna tanboi tena, hakuna msaidizi wa lori. Kila dereva na lori lake — aliendeshe, alifagie, alioshe. Lori likikutwa chafu, wa kuulizwa ni dereva. Alikuwa anasema huku anakwepa kuniangalia, maana anajua langu ndilo linalonuka kuliko yote!

Benard akacheka. Eti kazi ya dereva ni kuendesha, kuosha ni ya mtu asiye na leseni. Halafu akanigeukia: "Lakini wewe Madam Chep utaweza. Umerudishiwa ufagio yako." Nikamwambia ufagio unajua kupiga pia. Wakacheka wote. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Habari yenyewe ilikuja mwisho. Njenga amepata kazi ya Kakuma: kuchukua unga wa uji kwenye stoo na kuusambaza shuleni, kambi za wakimbizi za Kakuma na Kalobeyei, muhula mzima. Amenipa mimi. Kwenda asubuhi, kurudi jioni. Kurudi jioni! Kazi ya samaki wa Kerio, kule ziwani, imenilaza kwenye kiti cha lori mpaka mgongo umesahau kitanda. Ndiyo sababu Jerotich anakaa Bomet na nyanyake. Mtoto wa miaka tisa humwachi peke yake hapa Kanamkemer, Lodwar. Nikiishika kazi hii anakuja. Shule zifunguliwe mwisho wa mwezi akiwa hapa, kwangu, na sare mpya. Sijamwambia. Midomo inaniwasha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Kakuma kulionyesha lori. Nilikuwa nimelifagia vizuri. Au niliona hivyo.

Mwenye stoo ni mama wa Kikongo, Eugénie, mtu wa Uvira. Kitenge kimenyooka, kilemba kimenyooka, hata sauti imenyooka. Hakupanda. Alisimama chini, akaingiza pua mlangoni, akaitoa. Akasema: "Mama chauffeur, hii iko samaki."

Nikasema lori ni tupu. Akasema ndiyo, tupu, lakini samaki wako. Unga unashika kila harufu, na mtoto akionja uji wa samaki atamwaga, na akimwaga hakuna mwingine mpaka kesho. "Kwanza safisha. Kisha kuya."

Barabara nzima nimebishana naye peke yangu. Nimemshinda mara nyingi sana. Lakini Lodwar nilipofungua mlango nikanusa kama mgeni — jamani! Ni kweli. Mtu huzoea uvundo wake.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu. Nililipeleka lori mto Turkwel, nikaliingiza majini mpaka nusu ya tairi, nikaanza kumwaga ndoo. Povu likashuka na mkondo. Huko chini walikuwa akina mama wanachota. Mmoja akapanda ukingo na mtungi wake mtupu, akanisimamia mbele. "Wewe mama. Hapa tunakunywa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilitamani ardhi inimeze na Fuso langu. Niliomba msamaha, nikaondoka na sabuni imekaukia mikononi. Lori safi kwa kuwachafulia watu maji, huo si usafi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimeanzia kwingine. Nimechota mchanga mkavu wa luga, ule mto usio na maji, nikaumwaga ndani, nikasugua mbao zote kwa gunia, nimepiga magoti kama mtu wa toba. Magamba ya samaki yamejificha kwenye nyufa za mbao, moja juu ya jingine. Nimeyachokoa kwa bisibisi. Yamejaa karai! Kumbe nilikuwa natembea na Ziwa Turkana lote mgongoni.

Benard alipita na chai yake. Eti dereva mzima umegeuka daktari wa meno. Nilimwambia afungue mdomo wake, nianze na yeye.

Mwisho nikapaka ile dawa ya kuoshea vyoo, ya harufu ya msonobari, chupa nzima. Lori linanukia kama ofisi ya kaunti. Nimeridhika.

Jumatatu, 11 Agosti

Hapana!

Eugénie aliingiza pua, macho yakamtoka maji. "Hapa ni hopitali?" Eti sasa watoto watakunywa uji wa dawa. Nikamwambia kwa hasira yeye anataka lori linukie nini basi, maua? Akanitazama bila kukasirika, hilo ndilo linaniudhi. Akasema: hataki linukie. Anataka lisiwe na kitu. Kisha akanipa maji ya kunywa, ya baridi, nikayanywa kwa kisirani.

Njenga amepiga simu kuuliza mbona lori linarudi bila kufanya kazi. Nimesema kesho kutwa. Kila mtu sasa namwambia kesho kutwa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeongea na mama, Bomet. Jerotich alinyakua simu kwanza, akanisomea herufi zote za neno "Lodwar" kama anaimba. Mtoto ananusa mambo, naapa. Nikamwomba anipe nyanyake.

Nilipomweleza mama shida ya lori alicheka mpaka akakohoa. Akasema: kibuyu cha maziwa unakioshaje wewe? Umesahau ulivyofunzwa?

Nikasimama wima! Kibuyu hakioshwi kwa maji na sabuni kikaisha. Unakisugua kwa kijinga cha moto, moshi unaingia ndani, uchachu wa jana unatoka. Maziwa yakikaa humo ni matamu hata wiki. Kwetu mtu akifungua kibuyu akasikia moshi anajua mwenye nyumba ni msafi. Na Waturkana nao ni hivyo hivyo; jirani yangu Nakwawi, muuza makaa, aliniambia vyombo vyao vya maziwa wanavifukiza. Lori ni kibuyu kikubwa tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefukiza. Karai la vijinga katikati ya lori, juu ya mabati na mchanga ili mbao zisishike, milango nimefunga. Moshi ukaanza kutoka kwenye matundu. Mtu wa boda akapiga mayowe: lori inachomeka! Kufumba na kufumbua Kanamkemer yote iko kwangu na ndoo za mchanga. Kijana mmoja tayari alikuwa anapiga picha. Nasimama mlangoni nimetandaza mikono: hakuna moto, nasafisha! Wakaniona nimerukwa na akili. Nakwawi peke yake ndiye aliyeelewa. Alicheka, akawaeleza kwa Kiturkana, nao wakacheka, wakaondoka na mchanga wao.

Jioni nikafungua. Lo! Harufu ya jikoni kwa mama. Nilikaa humo ndani nikajisikia mtoto. Kesho Eugénie hana la kusema.

Alhamisi, 14 Agosti

Alikuwa nalo.

Alinusa mara moja, akashika kiuno. "Mama chauffeur! Juzi uliniletea samaki mubichi. Leo umeileta ya moshi!"

Sikuelewa. Nikamwambia huu ni usafi, moshi ni usafi. Akasema moshi ni samaki. Tukasimama juani tunabishana kama watoto — usafi, samaki, usafi, samaki — na wapakiaji wamekaa juu ya magunia wanatutazama zamu kwa zamu.

Ndipo akaniambia. Kwao Uvira mama yake alikuwa akikausha samaki kwa moshi, kila siku, ziwani. Nguo zao zilikuwa moshi, shule walikwenda na moshi, wenzao wakiwaita watoto wa samaki. Kwake yeye moshi haujawahi kuwa kitu kingine. Nami nikamweleza habari ya kibuyu. Akasikiliza, akarudia polepole: "Maziwa... na moshi?" Akakunja uso kama amelishwa shubiri. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Lakini kazi ni kazi. Amesema Alhamisi ijayo ndiyo mwisho, unga lazima ufike kabla watoto hawajarudi, kuna mwenye lori mwingine anauliza. "Leta gari haina harufu. Hata ya mama yangu, hata ya mama yako."

Nampenda mwanamke huyu na ningemtupa kwenye luga.

Ijumaa, 15 Agosti

Njenga ameniita. Samaki wamejaa Kerio, mvuvi analalamika, lori la Benard halitoshi. Nikaende safari moja tu. Moja tu, Chep, halafu utaosha.

Nilimtazama. Nilikumbuka magoti yangu na bisibisi. Nikasema hapana.

Sijawahi kumwambia Njenga hapana. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikasema: wewe ulisema usafi wa lori ni wa dereva. Sawa, nimekubali. Basi na kinachoingia humo niulizwe mimi. Huwezi kunipa ufagio na samaki kwa mkono mmoja!

Benard akaacha kutafuna. Njenga akajikuna kidevu. Akasema Alhamisi isipofaulu, Ijumaa funguo ni za Benard na mimi nitatafuta pa kwenda. Si kwamba nitarudi Kerio — nitatafuta pa kwenda. Nikasema sawa. Nikatoka nikijikaza, nikafika nyuma ya tangi la maji, nikalia kidogo.

Benard alinifuata. Nilijua ananiletea utani. Akasema atakwenda Kerio mara mbili mwenyewe, ila nimfundishe ile ya mchanga, maana hata lake limeanza kumuumiza kichwa. Nilimwambia alete magoti yake.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza makaa.

Kibuyu kinapona kwa nini? Nilidhani kwa moshi. Lakini mama baada ya moshi husugua, na kinachosugua ni makaa. Meusi, mabivu, yasiyo na moto. Je, moshi ukiuondoa ukaacha makaa peke yake?

Nimemwendea Nakwawi baada ya ibada. Nikamwambia nataka makaa, si ya kupikia. Hakuuliza sana, amenizoea. Tumeyaponda pamoja kwa jiwe, tukayatandaza kwenye magunia yaliyochanwa, sakafu nzima ya lori kutoka mlangoni mpaka nyuma ya chumba cha dereva. Tumetoka weusi. Yeye akasema sasa umekuwa Mturkana kamili. Milango nimefunga. Jua la Lodwar lifanye kazi yake, kwa nini lituchome bure tu?

Jumatatu, 18 Agosti

Milango imefungwa. Sijafungua. Nimepita kuangalia lori mara nyingi kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefungua. Nikanusa. Sijui!

Pua yangu siiamini tena, imeona mengi. Ilidanganywa na samaki, ikadanganywa na msonobari, ikadanganywa na mama yangu mzazi. Nikamwita Nakwawi. Akaingiza kichwa, akakaa, akatoa. Nikamuuliza, nini? Akainua mabega. "Hakuna." Hakuna nini? "Hakuna kitu. Mbao tu."

Nilimkumbatia, akanisukuma, nina masizi.

Makaa nimebadilisha, nimeweka mengine, kwa usalama.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetoa makaa, nimefagia, nimepangusa kuta kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, ya kutoka bombani kwangu. Nimesafisha hata ninapoketi mimi, chini ya kiti, maganda ya karanga ya tangu sijui lini. Nimepangusa taa. Nimekata kucha! Kucha zangu hazihusiki lakini nimekata.

Jerotich amepiga simu kwa simu ya nyanyake. Aliuliza kama Lodwar kuna shule. Nikasema ziko. Akauliza kama kuna joto. Nikasema sana. Akasema yeye hapendi baridi. Basi. Hakuomba. Nimeweka simu chini, nikarudi kupangusa lori.

Mungu wangu, lisiwe na harufu.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nikiwa Kakuma, ndani ya kichwa cha lori, daftari juu ya usukani. Kungoja bila kuandika siwezi.

Nimefika mapema, milango nimefungua mwenyewe. Eugénie amekuja na kilemba cha njano. Hakunisalimu kwa maneno, aliinua nyusi tu. Akaingiza pua kama kawaida. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Hakuitoa pua.

Akashika ngazi ili apande. Hajawahi kupanda! Mguu mmoja hewani, akasita, akaushusha. Nikajua kwisha. Nikaona Benard na funguo zangu.

Kumbe anainama. Akafungua kamba, akavua viatu, kimoja, kisha cha pili, akavipanga chini karibu na tairi. Akapanda miguu mitupu, kama mtu asiyetaka kuchafua sakafu. Akaniambia nimfungie milango, lori hulinusa gizani, likiwa limefungwa, ndipo linaposema ukweli.

Nimefunga. Nimekuja kukaa hapa mbele, nimefungua daftari.

Namsikia nyuma yangu. Anatembea polepole. Anasimama. Anatembea tena, sasa pembeni, pale walipokuwa wakikaa samaki wakubwa. Wapakiaji wamekuja dirishani kuniuliza: waanze kuleta magunia au warudi kivulini? Nimewaambia sijui, wangoje. Mmoja amekwisha kujitwika la kwake, hataki kulishusha.

Anagonga kutoka ndani. Naenda kumfungulia — nimpelekee na viatu mkononi, vyuma vya ngazi vimeshika moto, asije akaungua.