Vifaranga wa Shangazi Mpakani

Shoga, uko? Usinipigie, nitalia mbele za watu.

Niko forodhani na shangazi tangu asubuhi. Vifaranga wake mia sita, wa siku moja, wamo kwenye maboksi nyuma ya pikapu. Mimi ndiye niliyemwambia aachane na makaratasi, nikamjazia kila kitu kwenye simu. Jana jibu likaja: kibali kimetoka, mzigo upite.

Tumefika dirishani, afisa akafungua kompyuta yake. Kibali hicho! Nimekiona kwa macho yangu!

Akasema, "Naomba nakala yenye muhuri."

Nikamwambia, "Si hicho hapo mbele yako?"

"Nakiona. Lete nakala yenye muhuri."

Anakiona! Kasema mwenyewe anakiona!

Na muhuri unagongwa mjini, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Nikapanda pikipiki. Shangazi akabaki juani anawapepea vifaranga kwa mtandio wake.

Nimerudi nahema. Yule bwana akaipokea karatasi, hakusoma hata mstari mmoja, akaitupia kwenye droo. Kisha akabonyeza kitufe kwenye kompyuta ileile, geti likafunguliwa. Kitufe tu, shoga. Kitufe!

Tukafungua maboksi. Walionyamaza ni wengi kuliko wanaolia.

Shangazi hakunigombeza. Bora angenigombeza. Amekaa chini anawatenga wazima na waliokufa, hata hajaninyanyulia macho. Kaniambia tu, "Safari ijayo, mwanangu, usinisaidie."