Mbuzi wa Mama Mkwe

Homa Bay, Jumanne, Julai 1964

Ningalimwambia tu. Dawa ile ya minyoo hufanya mkojo wa mbuzi uwe mwekundu siku moja au mbili, kisha hali hiyo huisha. Lakini nilipomkabidhi mama mkwe chupa ya kumnywesha mbuzi wake, hapa ofisi ya mifugo ninakofanya kazi, wiki jana, niliona haya kutaja mkojo mbele yake.

Leo ameniletea nyama. "Mkwe wangu, alianza kukojoa damu, tukamchinja kabla hajafa. Mapafu tumewatupia mbwa. Usijilaumu, ulijitahidi."

Alilitamka neno "kukojoa" bila haya yoyote.

Ndiye mbuzi pekee aliyekuwa akimkamua. Na mapafu mabichi huwatia mbwa tegu. Onyo hilo nimelipiga taipu mwenyewe mara ngapi...

Nilipokea nyama kwa mikono miwili, nikamshukuru.