Askari wa Damu

Shamba la Mkonge, Thika
Agosti 1954

Mama yangu mpendwa,

Hujambo mama? Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Sisi huku tunapumua, tumshukuru Mungu kwa hilo. Nakhumicha dada yangu, wewe unayemsomea mama, msomee pole pole, na usiruke mstari hata ukilia.

Nafuna wa kaka Wamalwa aliugua. Alianza na koo. Likavimba, mate hayamezeki, kisha likapona lenyewe, tukasahau. Baadaye goti likavimba, likapoa, kiwiko nacho kikashika moto. Mwisho mtoto akawa anahema kama aliyekimbia, na amelala tu. Wamalwa alikuwa Ruiru kwenye kahawa, basi nikambeba mimi, na kafyu, ile amri ya kutotembea usiku, ilikuwa imeanza. Jinsi nilivyopita kizuizi cha askari barabarani nitakwambia mbele.

Wamalwa alitukuta hospitali asubuhi, na panga lake la kazi kiunoni. Mama, ujue kwamba majuzi askari walivunja mlango wake wakitafuta watu wa msituni, wale wa kiapo, wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika mbele ya mtoto. Hasira hiyo alikuwa bado anaitafuna.

Daktari Mzungu alinieleza kwa Kiingereza ili nimtafsirie. Alisema vijidudu vya koo vilipoingia, mwili ulitoa askari wake. Wengine hupiga kwa mbali kupitia damu, wengine huingia wenyewe kwa mikono. Lakini vijidudu hivyo vinafanana na nyama ya moyo, kwa hiyo askari walipovimaliza wakaugeukia moyo wa mtoto. Nami, mjinga wa haraka, nikaanza na mwisho. Nikamwambia Wamalwa askari ndio waliompiga Nafuna moyo.

Hakungoja. Nilikuwa bado natafuta maneno, yeye keshatoka mbio.

Nilimkuta pale kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mmoja alikuwa ameketi kwenye debe anakunywa uji. Wamalwa alimkata mkono aliouinua kujikinga, kisha shingo. Uji na damu vikamwagika pamoja. Wenzake wakamrukia kaka kwa rungu na buti, nikasikia mbavu zikilia. Nikapiga kelele kwamba si hao, ni askari wa damu! Ole wangu! Wakadhani ni neno la kiapo cha msituni, wakanivunja taya. Ndiyo maana naandika, kusema siwezi.

Wamalwa yuko jela na wanasema atanyongwa. Hasira hasara, ulitufundisha, lakini hasira hii niliiwasha mimi kwa mdomo wangu.

Sasa lile la kizuizini. Usiku ule askari mmoja aliinua bunduki, akaona Nafuna anavyohema, akamwita Ngai, Mungu wake. Akanipokonya mtoto, akamfunika koti lake, akambeba mwenyewe mpaka hospitali. Jina lake Gerishon Kagwe. Ndiye huyo aliyekuwa akinywa uji.

Wamalwa hajui. Jumamosi wataniruhusu kumwona. Nimwambie, mama, au nimwache afe akijua amemlipizia mwanawe kisasi? Nijibu upesi, mimi nimeshindwa.

Nafuna yu hai. Anadungwa sindano za penisilini, na moyo unavuma lakini unapiga. Anakusalimu sana. Amejifunika lile koti mpaka kidevuni, hataki lifuliwe, anasema mwenye koti atakuja kulichukua.

Ni mimi mwanao,
Boaz