Laptopu Uliyoipandishia Kasi Imemnyamazisha Baba

Makere,
Kasulu.
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Ndayiragije,

Habari za Dodoma? Wewe, mkeo Aline na mtoto mnaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii. Mimi sijambo mwili tu. Moyoni nimechafukwa, na wa kunichafua ni wewe, kwa hiyo kaa chini usome. Bahasha nimeiandika jina la Aline makusudi, maana simu zangu hupokei.

Pasaka uliichukua laptopu yangu, ile ninayohariria video za harusi, ukaipandishia kadi ya grafiki kasi kuliko iliyotoka nayo kiwandani. Ukajisifu mbele ya mama kwamba sasa itapaa. Nani alikutuma? Ilikuwa inafanya kazi yake taratibu na sikuwahi kulalamika. Basi, ikakubali, nikanyamaza. Kisha juma la kuondoa matanga ukanitumia ujumbe nisasishe draiva, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi, eti picha itatulia kwenye televisheni. Na mimi mjinga nikasasisha. Hukusema kwamba kasi yako ilitakiwa ishushwe kwanza.

Siku ya kuganduka, tulipoondoa matanga ya baba, ukoo wote ulikaa uani, hata wa Kibondo walikuja. Baba nilimrekodi kitandani kabla hajafa, tukiwa wawili tu, akisema shamba la Kagerankanda alishike nani. Unajua kwetu neno la marehemu linasikilizwa siku hiyo. Matanga yakishaondolewa, halirudiwi. Watu wakatulia. Baba akaonekana, akakohoa, akafungua mdomo. Kioo kikawa cheusi ti!

Nikazima, nikawasha. Kumbe ile programu yako ya kupandishia kasi inajiwasha yenyewe na kuirudisha kasi, na draiva mpya haiivumilii. Baba anakohoa, giza. Nawasha tena, anakohoa, giza. Feni inavuma kama mashine ya kusaga. Kwenye kamera nilishaifuta ile video ili nipate nafasi ya harusi nyingine, nikawa sina pa kushika. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Yoo, Ndayiragije, niliona aibu!

Baba mdogo Nkunzimana akasimama. "Tusichezewe na mashine," akasema, "mrithi ni mtoto wa kiume." Pombe ikanywewa, matanga yakaisha.

Na wewe! Kwangu hupokei, lakini baba mdogo ulimpigia siku ileile kumshukuru. Kushukuru! Lile shamba ulilishikia jembe lini mara ya mwisho? Mihogo nimepanda mimi, magugu nimeng'oa mimi, na dawa za baba zilitoka palepale. Sisemi ulinifanyia makusudi. Ulifanya kwa kupenda sifa, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, kwa sababu mtu wa sifa haulizi.

Saady, fundi wa mjini Kasulu, ameifuta programu yako na kuirudisha draiva ya zamani. Mashine imepona. Baba anakohoa, anaendelea, anamaliza. Niliibeba mpaka kwa wazee, wakakataa hata kuitazama. Wanasema matanga yamekwisha. Wanayeweza kumsikiliza akiwaita tena ni mrithi, yaani wewe.

Kwa hiyo njoo. Usinitumie ujumbe wa kunielekeza nibonyeze wapi, nimekoma! Njoo uwaite baba wadogo uani, ukae mbele yao, muangalie pamoja. Kama unaona aibu, njoo nayo hivyohivyo.

Mama anakusalimu na anauliza kama mtoto ameanza kutembea. Msalimie sana Aline, hana kosa. Mungu awalinde, na akufikishe salama. Nakuombea kila siku, ingawa siku hizi naomba nimekunja uso.

Maneno ya baba nakuandikia hapa, usije ukasema hukuyajua: "Shamba ni la Esperance, ndiye aliyelilima. Msiwe na wasiwasi na Ndayiragije. Namjua mwanangu, hawezi kumnyang'anya dada yake."

Dada yako anayekupenda hata kwa hasira hizi,

Esperance Hatungimana